Treni ya Kalka–Shimla: nyota nne, mwenye haraka apande teksi

Treni nyingi za kitalii hupakwa rangi mpya kisha zikaitwa historia. Hii ya Kalka hadi Shimla, kaskazini mwa India, haihitaji urembo. Kilomita 96 tu, lakini inajivuta kama konokono, karibu saa tano za safari.

Utamu wake ni kwamba ukiwa umekaa dirishani unaona jinsi Waingereza walivyotawala. Tangu 1864 Shimla ilikuwa makao yao makuu ya msimu wa joto: kila mwaka wakubwa, makarani na mafaili yao walipanda mlimani kwa mikokoteni, wakiitawala nchi nzima kutoka kwenye baridi. Reli hii ilipofunguliwa 1903, shida iliyotatuliwa ilikuwa yao. Kampuni ilianza na reli yenye upana wa milimita 610. Jeshi likataka 762, na neno la jeshi halikupingwa. Gharama zikapaa. Kampuni iliruhusiwa kutoza nauli kubwa kuliko njia nyingine, bado ikashindwa, na 1906 serikali ikainunua. Mimi hapo sishangai. Wenye hisa wa reli za mwanzo za India nao walihakikishiwa faida ya asilimia 5, treni zijae zisijae. Ikitokea hasara, mlipa kodi wa Kihindi yupo.

Ujenzi wenyewe lakini, jamani! Karibu na Kanoh kuna daraja la mawe lenye ghorofa nne za matao, usidhubutu kusinzia hapo. Handaki la Barog, namba 33, lina urefu wa mita 1,143, na stesheni yake ni pazuri pa kunyoosha miguu na kunywa chai. La mwisho limeandikwa 103 ingawa yanayotumika ni 102, maana namba 46 halipo tena.

Inasimuliwa kuwa mwanakijiji mmoja, Bhalku, ndiye aliyewaonyesha wahandisi pa kupitisha njia. Shimla kuna makumbusho madogo ya reli yenye jina lake; pitieni, hayachukui muda.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya viti: ukiwa na miguu mirefu utajuta. Kateni tiketi mapema, treni ya asubuhi, na mchague behewa ambalo madirisha yake yanafunguka.