Asumini ya "mvuke" ya elfu moja na mia mbili, na kijana asiye na adabu

Nyota moja. Haya mbili, kwa ajili ya karafuu, ntaeleza huko mbele, lakini niacheni kwanza nitoe hasira manake tangu siku ile nikipita pale natizama upande wa pili.

Duka liko hapa Lamu, Usita wa Mui, silitaji jina, wenyeji washalijua kwa ile harufu inayokupokea kabla hujafika mlangoni. Wanauza mafuta ya kunukia na kila kichupa kina stika "halisi, mimea tupu". Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi, singo ya kusugulia mwili nasaga mwenyewe, vikuba vya maua natunga mwenyewe, vitu vya kunukia sikuanza jana. Nlikuwa na bibi harusi anataka asumini na siku zile asumini ilikuwa haba, hupati hata ya kutungia kikuba kimoja, nkasema hebu nkajaribu hiyo ya chupa.

Naingia nakuta wazungu wawili, mume na mke, kijana anawatia matone mkononi, nusa hii, nusa na hii, mlangilangi, mchaichai, ubani, na kahawa wametiliwa. Sawa, mgeni hukirimiwa, sina neno. Nkasubiri na buibui langu. Wakatoka bila kununua hata kijichupa kimoja! Nami nkachukua ile asumini, nkafungua kizibo nitie tone kwenye kikaratasi nlichokuwa nacho. Tone moja jamani. Kijana akaninyang'anya mkononi, wallahi, akafunga kizibo akaniambia, "Mama, kama hununui usifungue, haya si mafuta ya nazi ya kuchezea." Kijana sawa na mwanangu wa mwisho.

Nkamwambia mwanangu, nataka kuhakikisha tu kama ni halisi. Akacheka. Eti "hii twaitoa wenyewe kwa mvuke, kwa maua yaliyochumwa leo".

Kwa mvuke! Asumini! Ua lile ni laini, ukilitia kwenye mvuke harufu yake yaharibika, ndio maana wanaoitoa ya kweli hawalipeleki huko kabisa. Hutumia dawa kama heksani inayeyusha ile harufu, kisha wanaisafisha kwa alkoholi. Ama ile njia ya zamani, maua yanapangwa juu ya mafuta ya mgando, na asumini hata ikishachumwa yaendelea kutoa harufu, mafuta yananyonya, kesho maua yale yanatolewa yanawekwa mapya, hivyo hivyo mpaka mafuta yashibe. Na hapo ni mamia ya kilo za maua kupata kilo moja. Waridi ndilo linavumilia mvuke, na lenyewe lataka zaidi ya kilo 3,000 za maua kwa kilo moja ya mafuta. Sasa hayo maua ya asumini yalimwa wapi, Shela au Matondoni? Mbona sisi wa vikuba hatuyaoni? Na mtu mwenye mali hiyo akuuzie kichupa kwa 1,200, tena cha plastiki nyeupe kinachoingia mwanga, wakati mafuta haya huwekwa kwenye chupa za vioo vyeusi yasiharibike?

Mtauliza mbona nlinunua. Nlinunua ili afunge mdomo, asije akasema ni mama hana pesa ananusanusa bure. Nkachukua na karafuu, nkalipa kwa M-Pesa pale pale.

Nyumbani nkachana karatasi ya daftari, tone la asumini huku, tone la karafuu kule, nkaiacha dirishani mpaka kesho yake. Karafuu ilikuwa imeruka, alama yake mpaka uitafute. Asumini imeacha duara inang'aa, unaona hadi mistari ya upande wa pili, kama karatasi ya kufungia bajia. Mafuta ya kunukia ya mvuke yakiwa matupu, mengi huruka hewani, hayaachi doa la hivyo. Lile ni mafuta mengine yametiwa pafyumu, basi.

Ila karafuu, haki ya Mungu, karafuu yao ni nzuri. Nlitia tone kwenye glasi ya maji likazama, na ndivyo inavyotakiwa. Kule Pemba, kwenye kiwanda cha Wawi, mvuke unapitishwa kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu, na majani ya mkarafuu, ukipozwa maji na mafuta vinajitenga, na wakati mafuta mengi ya mimea huelea, ya karafuu huenda chini kwa uzito. Jino lilikuwa lanisumbua, nkachanganya na mafuta ya nazi nkagusisha kwa pamba, likafa ganzi nkalala. Lakini msijipake hivi hivi kama yule kijana anavyowaambia watu, yanaunguza ngozi, tone moja kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi latosha, na watoto wasiyafikie.

Basi nkarudi na karatasi yangu. Nkamkuta mwenye duka, mzee mpole, akanipa kiti, "Bibi, tusameheane, huyu kijana bado anajifunza." Pesa hakurudisha lakini, alitaka kunibadilishia na mlangilangi. Nlikuwa nishalainika, wallahi nlitaka kuja hapa niandike nyota tatu, asumini labda hata yeye aliuziwa hivyo huko alikonunua. Mara nasikia nyuma ya pazia yule kijana anamwambia mwenzake, "Ni yule mama wa karatasi." Wakacheka.

Mlangilangi nkauacha pale pale juu ya meza. Bibi harusi alipata asumini mbichi uani kwa jirani yangu, akapendeza. Nyota ni moja, nimebadilisha, na 1,200 yangu bado naidai. Karafuu ikinishia ntamtuma mtoto wa dada yangu akaninunulie, asiseme ni ya nani.