Washauri wa mazingira kwa njia ya ndege Pemba: uzoefu wangu

Nimekaa upande wa mteja katika kazi ya kurefusha njia ya kurukia ndege huku kwetu Pemba. Nilipewa jukumu la kufuatana na washauri elekezi wa tathmini ya athari za mazingira. Kampuni sizitaji.

Walioleta bei ya chini kabisa waliangushwa na ripoti yao ya mfano. Iliandika kuwa cheti cha mazingira kitatolewa na NEMC, baraza la mazingira. NEMC ni ya Bara! Mazingira si suala la Muungano. Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2015, na cheti hutoka ZEMA, mamlaka yetu ya mazingira. Usafiri wa anga ndio wa Muungano, kwa hiyo mambo ya usalama wa ndege yanakwenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Asiyeijua milango hiyo miwili atakuzungusha mpaka uchoke. Kurasa mbili mbele wakazungumzia mapito ya tembo. Tembo, Pemba. Tuliifunga pale pale.

Tuliowachukua walikuwa ghali, na kuna wakubwa walionuna. Lakini walikuja masika, wakati wengi hukimbilia kaskazi barabara zikiwa kavu. Mtaalamu wao wa maji, kijana wa Unguja, alichomeka kijiti chenye alama za rangi kwenye mtaro unaoshukia bonde la mpunga, na kila mvua ikikatika alikwenda kusoma maji yamefika wapi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kila mita 100 za lami zenye upana wa mita 30, mvua ya milimita 50 ikipiga, ni lita 150,000 zisizonyonywa na ardhi. Zote zinateremka kwa wenye mpunga. Mchoro wa mitaro ukabadilishwa kabla mkandarasi hajapatikana.

Jambo jengine walilolifumbua ni miti iliyo nje ya uzio. Ndege kubwa zinataka anga tupu mbele ya njia, inayopanda taratibu kwa asilimia 2. Kwa ardhi tambarare, mnazi wa mita 20 unaweza kuwa kikwazo hata ukiwa kilomita moja kutoka mwisho wa njia. Kwa hiyo wanaoathirika si wale wa mpakani tu. Walipita shamba kwa shamba na sheha, wakaandika kila mti na umri wake. Mzee mmoja alimsikia mtaalamu wa wanyama akieleza habari za popo, akamkata: "Mwanangu, popo mmeshamhesabu. Mikarafuu yangu je?" Akaonyeshwa daftari, na mti mmoja uliosahauliwa ukaongezwa mbele yake. Mkarafuu mchanga unataka miaka sita na zaidi ndipo uanze kuzaa, na fidia isiyolitazama hilo ni dhulma.

Popo nao hawakuwa mapambo ya ripoti. Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani, mabawa yake yanapita mita moja na nusu, na hutoka wakati wa magharibi kwenda kutafuta matunda. Hapo viumbe warukao wakihesabiwa asubuhi tu, ripoti itasema anga ni salama. Hawa walikaa mpaka usiku, wakachora mapito ya popo pamoja na saa zao, karatasi ambayo mpangaji wa safari za jioni ataihitaji.

Walipoanguka ni kwenye kelele. Kipimo kiliwekwa mchana mmoja karibu na skuli, siku ambayo wanafunzi wako likizo, na vyuo vya Kurani havikuguswa kabisa. Tulipolalamika walituletea grafu nzuri zaidi ya takwimu zile zile. Hilo sikulipenda, na mpaka leo wananchi wanauliza jambo hilo kila mkutano.

Kilichotusaidia ni mkataba: malipo ya mwisho yalifungwa kwenye cheti cha ZEMA, si kwenye kukabidhi ripoti, na majina ya wataalamu waliokuja uwanjani yalilazimika kuwa yale yale ya kwenye zabuni. Kwa maji, miti na popo ningewaita tena kesho. Kwa kelele ningetafuta mwengine.