Faharasa za urithi wa ardhi Uskoti: uzoefu wangu

Ukitaka kujua nani alirithi ardhi gani Uskoti zamani, usianzie kwenye wasia. Kabla ya 1868 ardhi haikuweza kuachwa kwa wasia. Wasia ulihusu ng'ombe, fedha na vyombo. Ardhi ilikwenda kwa mrithi wa kisheria, naye ilibidi athibitishwe: ofisi ya Kansela ilitoa amri, sherifu akaita watu 15, wakaapishwa, wakajibu maswali yaliyokwisha kupangwa, majibu yakarudishwa kwa Kansela na kunakiliwa. Kwa sababu ya kurudishwa huko, hati zikaitwa retours. Zilizosalia zinaanzia karne ya 16, na vitabu vyenyewe viko kwenye hifadhi ya taifa, Edinburgh.

Kwa hati za kabla ya 1700 natumia muhtasari wa Thomas Thomson, juzuu 3 zilizochapwa 1811 hadi 1816. Naupa nyota nne. Hati zinazotaja mashamba zimepangwa kwa kaunti, zile zinazomtaja mrithi tu bila ardhi zina sehemu yake, na juzuu ya tatu ni faharasa ya majina na mahali. Anza na juzuu hiyo ya tatu. Kila ingizo la muhtasari linaishia na namba ya Kirumi, yaani ya kitabu cha Kansela, na namba ya ukurasa. Zinakili zote mbili, maana ndizo zitakazokufikisha kwenye hati kamili.

Kilatini chake ni chepesi, ila kina mitego. "Haeres Jacobi" maana yake ni mrithi wa Jacobus, na Jacobus wa Uskoti ni James, si Yakobo. Kwenye undugu Kiswahili kinatubeba: patruus ni baba mkubwa au baba mdogo, avunculus ni mjomba, wakati Mwingereza anahangaika na neno moja kwa wote. Nepos ndiye msumbufu, anaweza kuwa mjukuu au mpwa. Usimwandike kwenye mti wa ukoo kabla hujapata hati nyingine. Anayekikwepa kabisa Kilatini ajaribu miaka ya 1652 hadi 1659, wakati wa utawala wa Cromwell, hati zilipoandikwa kwa Kiingereza. Baada ya hapo Kilatini kilirudi hadi 1847.

Utakutana pia na A.E. na N.E., makadirio ya kale na mapya. Hayo ni ya kodi, si bei ya shamba, kwa hiyo usipime utajiri wa mtu kwa hayo. Merk 1, kipimo cha fedha cha Uskoti, ni shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni, na pauni hiyo ni ya Uskoti: katika karne ya 17 zilihitajika 12 kupata pauni 1 ya Uingereza.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kilichoachwa. Hati kamili ina majina ya wale 15, mara nyingi majirani na jamaa, na jibu la mwisho ndilo ninalolifuata kuliko yote: ardhi iko mikononi mwa nani sasa, na tangu lini? Tuseme baraza la hao 15 lilikaa Oktoba 1642 na jibu linasema miaka minne na miezi sita tangu mwenyewe afariki. Rudi nyuma, unapata Aprili 1638. Kwa parokia isiyo na kitabu cha mazishi, huenda hiyo ndiyo tarehe pekee ya kifo utakayoipata. Wanaonakili tarehe ya baraza wakaiita tarehe ya kifo wanakosea, tena wakati mwingine kwa miongo, kwani wapo warithi waliokaa miaka mingi bila kujithibitisha. Na kwa hati za kabla ya 1600 kumbuka mwaka wao ulianza Machi 25: Februari 1584 yao ni Februari 1585 yetu.

Kuanzia 1700 kuna faharasa za miaka kumi kumi hadi 1859, kisha za kila mwaka. Ni za Kiingereza na rahisi, zimepangwa kwa jina la mrithi. Binti aliyeolewa akamrithi baba yake humpati kwa jina la baba. Tazama nyongeza iliyo mwishoni, yenye majina ya marehemu ambao jina lao la ukoo halifanani na la mrithi. Ukiona "mrithi wa conquest", hakuna vita hapo: ni ardhi ambayo marehemu aliinunua mwenyewe. Kama hakuacha mtoto, ya kununua ilipanda kwa kaka aliyemfuata kwa juu, na ya kurithi ikashuka kwa mdogo wake. Utaratibu huo ulifutwa 1874.

Usipopata kitu, usihitimishe kwamba hawakuwa na ardhi. Bwana wa ardhi, yaani mkuu ambaye mwenye shamba alishika ardhi chini yake, aliweza kumtambua mrithi moja kwa moja kwa hati iitwayo clare constat, bila baraza wala Kansela, na hizo hazimo humu kabisa. Zifuate kwenye Rejista ya Sasines, yaani ya makabidhiano ya ardhi, iliyoanza 1617. Ingizo la kumkabidhi mrithi ardhi kwa kawaida hutaja hati iliyompa haki hiyo, pamoja na tarehe yake.