Krimu ya Proraso ya Kupaka Kabla ya Kunyoa: Wiki 6 za Kikopo cha Kijani na Maji ya Kisima

Kwa wiki 6 sasa nimekuwa nikinyoa ndevu kwa wembe wa makali mawili baada ya kuziandaa kwa krimu ya Proraso, ile ya kijani yenye mkaratusi na mentholi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanaume wenye ndevu kama zangu, yaani ngumu, zilizojikunja, na zinazoacha vipele shingoni kila zinaponyolewa kwa haraka. Kikopo cha mililita 100 nililetewa na ndugu yangu anayeishi Milano, ambaye alikinunua huko kwa bei isiyofika euro 10. Nilimwomba yeye kwa sababu kile cha kwanza nilichonunua hapa Dar es Salaam, kwenye duka moja la vipodozi, kilikuwa kimekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi, na muuzaji hakukubali kukipokea tena ingawa nilikirudisha siku ileile.

Proraso ni jina la Firenze, Italia. Kampuni ya Ludovico Martelli iliyoitengeneza ilianza mwaka 1908, na jina la Proraso lilizaliwa mwaka 1948 pamoja na krimu hiihii ya kuandaa ndevu, ambayo vinyozi wa Italia waliipaka kabla ya kunyoa na mara nyingine baada ya kunyoa. Sabuni na vimiminika vingine vya jina hilo vilifuata. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza tabia ya krimu yenyewe: ilikusudiwa kinyozi ambaye mteja wake ameshakaa kitini akiwa na kitambaa cha moto usoni, haikukusudiwa mtu anayeamka, anapaka na kunyoa papo hapo. Anayeitumia kwa namna ya pili atajikuta amelipia harufu tu.

Kabla ya kuisifu au kuikosoa, ni vizuri kueleza kazi ambayo kitu chochote cha kupaka kabla ya kunyoa kinapaswa kuifanya. Unywele wa ndevu umejengwa kwa keratini, ambayo hunyonya maji na kulainika kadiri inavyoendelea kulowa. Unywele mkavu huushinda wembe, nao wembe ukilazimishwa huuvuta unywele kabla ya kuukata, ndiyo maana maumivu tunayoyasikia mara nyingi ni ya kuvutwa kuliko ya kukatwa. Dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu hubadilisha hali hiyo kwa kiasi ambacho mkono huweza kukihisi. Wahenga waliotuachia methali ya mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walikuwa wakizungumza juu ya jambo walilolijua kwa mikono yao: kichwa kilichotiwa maji mapema hunyolewa bila machozi. Tumeizoea methali hiyo kwa maana ya kujihadhari hata tukasahau kwamba kwanza ni maelekezo ya kinyozi, na maelekezo hayo hayasemi tia mafuta wala tia sabuni. Maji ndiyo kazi yenyewe, na krimu kama hii inakuja kuyasaidia yasikauke na kuuwekea wembe utelezi juu ya ngozi.

Utaratibu wangu huanza mwisho wa kuoga. Uso ninauosha kwa sabuni ya kawaida ili kuondoa mafuta na jasho la usiku, kwa kuwa mafuta yaliyoganda juu ya ndevu huyazuia maji yasiingie. Brashi ya kunyolea nimeshaiacha kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu tangu nilipoingia bafuni. Kisha nachovya taulo dogo kwenye maji ya birika yaliyopozwa kidogo, nalikamua, na kulibandika usoni kuanzia sikio hadi sikio, nikihakikisha limefika chini ya taya na kwenye koromeo, mahali ambapo wengi hupasahau na ndipo vipele huota. Likianza kupoa nalirudisha tena kwenye maji. Nikiliondoa mara ya pili, ndevu ambazo asubuhi zilikwaruza kiganja kama brashi ya viatu zinalala chini ya vidole bila ubishi.

Hapo ndipo krimu inapoingia. Kiasi cha punje moja ya korosho kinatosha uso mzima, na ninakichota kwa kijiko kidogo kikavu kwa sababu vidole vyenye maji huingiza uchafu ndani ya kikopo. Krimu ni nyeupe, nzito kiasi, na haitiririki hata siku za joto kali la Kigamboni. Ninaipaka kwenye ngozi iliyolowa chepechepe, kwa mizunguko midogo ya ncha za vidole inayokwenda kinyume cha mlalo wa ndevu, ili kila unywele uinuke na kuzungukwa. Harufu yake ilinirudisha mara moja kwenye nyungu tuliyofunikwa nayo utotoni tulipougua mafua, kwa kuwa ni mkaratusi halisi wa kujifukiza, ukifuatiwa na ubaridi wa mentholi unaopanda taratibu kwenye mashavu na kukaa hapo hata baada ya kunyoa. Usoni hubaki utando mwembamba unaoteleza. Utando huo hauoshwi, bali povu la sabuni hupakwa juu yake kwa brashi, na ndipo mashine, yaani kishikio cha wembe, huanza kazi.

Ili nisidanganywe na harufu nzuri, niliugawa uso wangu. Katika wiki ya kwanza nilipaka krimu upande wa kulia pekee na kuuacha wa kushoto na maji matupu, na wiki ya pili nikageuza. Sabuni ilikuwa moja, povu moja, na wembe mpya kila baada ya kunyoa mara 3. Kwenye mashavu, nikisema kweli, sikuweza kutofautisha pande hizo mbili. Ngozi ya shavu ni tambarare, ndevu zake zinalala upande mmoja, na maji yaliyotumika vizuri yalikwisha kumaliza kazi. Tofauti ilijitokeza shingoni, pale chini ya taya ambapo ndevu zangu huzunguka kama mkondo wa maji na wembe hulazimika kupita mara ya pili. Katika mpito huo wa pili, povu likiwa limekwisha kukwanguliwa, upande uliopakwa krimu uliendelea kuteleza, na upande wa maji matupu ulianza kushika. Jioni, upande wa krimu haukuwasha. Hali ilikuwa hivyo kwa wiki zote mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo naamini si bahati.

Wiki ya 3 na ya 4 niliilinganisha na glisirini, ile ya chupa ndogo inayopatikana karibu kila duka la dawa na ambayo mama zetu walitupaka midomo ilipopasuka. Glisirini huvuta maji na kuyashika, na yenyewe imo ndani ya Proraso, kwa hiyo ulinganisho huu si wa kuonea. Matone 4 yaliyochanganywa na maji kidogo kiganjani yaliacha utelezi mzuri sana, pengine mzuri kuliko wa krimu, lakini ulikuwa utelezi wa kunata: vidole vilishindwa kuivuta ngozi ya shingo ikakaza, na ngozi isiyokazwa hujikunja mbele ya wembe. Nilipojifunza kuifuta mikono kwa taulo kabla ya kuishika mashine, tatizo hilo lilipungua kwa sehemu kubwa. Mafuta ya nazi niliyajaribu mara moja tu na kuyaacha, kwa sababu yalilivunja povu kabla halijasimama, na yakipakwa kwenye ndevu ambazo hazijalowa huzifunga zisinywe maji. Najua wako wanaoyapenda, na kwa anayenyoa bila povu kabisa huenda yana nafasi yake.

Jambo lililonifundisha zaidi katika wiki hizi 6 ni maji. Kwetu tunatumia maji ya kisima, na kama ilivyo kwa visima vingi vya ukanda wa pwani, yana chumvi na ni magumu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo ndani yake hukamatana na asidi za mafuta zilizo kwenye sabuni, na matokeo yake si povu bali ni utando mweupe unaong'ang'ania beseni, brashi na ngozi. Krimu ya Proraso nayo imejengwa juu ya asidi ya stiariki, ambayo ni asidi ileile inayobeba sabuni nyingi za kunyolea, kwa hiyo isingeweza kuikwepa kanuni hiyo. Nilipoiandaa kwa maji ya kisima, ilibaki usoni kama nta, na povu lililopakwa juu yake lilikufa kabla sijamaliza shavu moja. Nilipotumia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye ndoo, krimu ileile ilifunguka ikawa laini, povu likasimama kama ute wa yai uliopigwa, na wembe ukapita bila sauti. Nusu lita ya maji ya mvua inatosha kunyolea: robo kwa brashi na povu, robo kwa taulo. Asiye na maji ya mvua anaweza kutumia ya chupa ya kunywa kwa kiasi hichohicho. Nasisitiza jambo hili kwa wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na kwingineko pwani wanaoagiza sabuni na krimu za gharama kutoka mbali kisha wakazilaumu: kabla ya kubadilisha krimu, badilisheni maji.

Sasa nifike kwenye vipele, kwa kuwa ndivyo vilivyonifanya nianze safari hii. Nilivipata kwa wingi miaka michache iliyopita, kwenye saluni moja ambayo kijana wake alininyoa shingo kavu kabisa, kinyume cha mlalo wa ndevu, kisha akanipulizia spiriti. Kwa watu wenye asili ya Afrika vipele vya namna hii ni vya kawaida kwa sababu mashina ya ndevu zetu yamepinda na unywele hutoka ukiwa umekwisha kujikunja. Ukikatwa chini sana huwa na ncha kali kama ya mwiba, hujikunja na kuirudia ngozi, na mwili huushambulia kama kitu kigeni. Hakuna krimu ya kupaka kabla ya kunyoa inayoweza kuunyoosha unywele uliojikunja, na Proraso haikuunyoosha wangu. Ilichofanya ni kuniwezesha kunyoa kwa mkono mwepesi na kuridhika na mipito 2, wa kwanza kwa kufuata mlalo wa ndevu na wa pili wa kukata upande, bila ule wa tatu wa kinyume ambao kwa ngozi yetu ndio unaoleta madhara. Vipele vyangu vimepungua sana, na sehemu kubwa ya sifa naipeleka kwa ule mpito wa tatu nilioufuta. Mwenye vipele vyenye usaha au vinavyoacha makovu aache wembe kwanza na amwone daktari wa ngozi.

Kuhusu mentholi, nitoe tahadhari. Siku moja nilipaka krimu juu ya kidonda kidogo ambacho sikujua kuwa nacho, na ukali wake ulinifanya niioshe mara moja. Mwenye ngozi iliyochubuka au inayowaka kirahisi atafute ile nyeupe ya Proraso yenye chai ya kijani na shayiri, iliyokusudiwa ngozi nyepesi kudhurika. Pia msiisogeze karibu na macho, hasa mkiwa mmepaka mpaka kwenye mifupa ya mashavu.

Je, ninashauri kuinunua? Kwa mwanamume anayenyoa shingo yenye ndevu za kuzunguka, mwenye maji laini na dakika 5 za kujiandaa, naishauri bila kusita, kwa kuwa inafanya kazi moja na inaifanya vizuri. Kwa mwenye mashavu tu ya kunyoa, au anayelazimika kuiagiza kwa usafiri unaoizidi bei, glisirini ya duka la dawa itampa sehemu kubwa ya faida hiyo. Na kwa asiyetaka kununua chochote, kuna njia ya marehemu baba yangu, aliyenyoa kila asubuhi mbele ya kipande cha kioo kilichoegeshwa dirishani: alipaka povu, akaliacha huku akinywa chai yake ya kwanza, akaliosha, kisha akapaka povu jipya na ndipo akaiinua mashine. Nimeijaribu njia yake mara 2 katika wiki ya mwisho, kwa maji ya mvua, na shingo yangu haikuwasha.

Baada ya kunyoa mara 24, kikopo kimebaki na karibu robo tatu. Mvua za vuli zikianza nitaweka ndoo ya pili chini ya mchirizi.