TAHADHARI Dodoma: duka la pikipiki limefungwa, lakini kuna watu bado wanakusanya hela kwa jina lake

Wakuu, salaam. Hii ni kwa wana Dodoma wote, hasa vijana wa bodaboda na mabosi waliowapa vijana pikipiki kwa mkataba. Lile duka lililokuwa linatoa pikipiki kwa kianzio na marejesho ya kila wiki hapa mjini limefunga. Mlango umeshushwa, bango limeng'olewa, simu zao hazipatikani. Jina siliandiki kwa sababu kuna wateja wameshatoa maelezo polisi na shauri linaendelea, ila kama uliwahi kulipa pale umeshanielewa.

Duka kufunga si jinai. Biashara ya kukopesha pikipiki ina shida zake, na wapo wakopaji wanaochukua chombo leo, kesho simu imezimwa, wao wako Manyoni huko. Kilichonifanya niandike ni yanayoendelea sasa hivi, baada ya kufunga.

Kuna mtu anatembea na daftari la wateja. Anakupigia simu, anataja majina yako matatu, anajua pikipiki yako ni Boxer au TVS, anajua namba yake ya usajili, ile ya MC, na kiasi ulichobakiza. Anakwambia ofisi imehamia Nzuguni (mwingine ameambiwa Ihumwa), na kwamba ukimalizia deni kwenye namba hii mpya, kadi yako ya umiliki inatoka wiki hiihii. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hata watoto wa shule wanaicheka, lakini huyu hachekeshi, maana deni lako analijua kuliko mkeo. Kijana mmoja wa kijiwe chetu amemalizia laki nne na ushee kwa mtindo huo. Jina lililotokea kabla hajaweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi asiyejulikana na yeyote, akajipa moyo kwamba labda ni mhasibu mpya. Jioni namba ikawa haipatikani. Mimi nahisi daftari limetoka kwa mfanyakazi aliyeachwa bila mshahara, ingawa hiyo ni dhana yangu tu.

Halafu kuna "mzigo wa kufungia duka". Hapa ndipo watu watalizwa vibaya. Zinauzwa pikipiki mpya kabisa, siti bado ina nailoni, kwa bei ambayo dukani hata iliyotumika huipati. Muuzaji anaharakisha: mzigo umebaki mdogo, leta hela leo, kadi inafuata. Wanaowindwa ni watu wa Kibaigwa, Bahi na Mpwapwa wanaoingia mjini wakiwa wameuza mahindi, alizeti au zabibu na hela iko mfukoni.

Ndugu yangu, kadi haifuati. Kadi ya pikipiki inatolewa na TRA (mamlaka ya mapato), ina namba ya chasisi, namba ya injini na jina la mmiliki. Duka likishafunga, pikipiki iliyobaki stoo inaweza kuwa dhamana ya mkopo benki, inaweza kuwa ya muuzaji wa jumla ambaye hajalipwa, au ni ya kijana aliyenyang'anywa akiwa amebakiza marejesho mawili. Ukiinunua umenunua ugomvi wa watu. Huwezi kuhamisha jina, leseni ya usafirishaji ya LATRA hupati, na siku trafiki akikusimamisha Mkonze au Kisasa inakwenda kulala yadi huku wewe ukitafuta mtu ambaye hata jina alilokupa si lake.

Kwa hiyo ukiona pikipiki ya bei ya kutupa, dai kadi halisi mkononi. Picha ya kadi kwenye simu si kadi. Inama usome namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, kisha ya injini, ulinganishe herufi kwa herufi. Ukikuta pamekwanguliwa au rangi ya pale ni mpya kuliko ya fremu nyingine, usibishane naye, ondoka. Hata zikilingana, nendeni wote wawili ofisi ya TRA mthibitishe ni ya nani na mhamishe jina hukohuko kabla hela haijabadili mikono. Muuzaji wa kweli hatakataa. Huyu wa mzigo wa kufungia ataanza kukwambia TRA leo kuna foleni.

Wale mliomaliza kulipa na hamna kadi, najua mna hasira, lakini acheni kwenda kumtukana mwenye fremu ya duka. Yule mzee naye anadai kodi yake ya pango. Mtu wa kumtafuta ni aliyesajili biashara, na hilo linapatikana BRELA, wakala wa kusajili biashara. Kama lilisajiliwa kama jina la biashara tu, mwenye jina ndiye mdaiwa wenu, hata akihamia Tabora akafungua duka la vitenge. Kama ni kampuni, inayodaiwa ni kampuni yenyewe, na ikifilisiwa madai yenu yanapelekwa kwa mfilisi. Kwa vyovyote vile mtaulizwa karatasi. Tafuteni mkataba, meseji za muamala na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Ile risiti ya mashine ina msimbo wa uhakiki unaoweza kuuangalia kwenye tovuti ya TRA ukajua kama mauzo yako yaliingizwa au ulipewa karatasi ya urembo. Wengi pale walikuwa wanapewa risiti ya kuandika kwa mkono, na huo peke yake ni ushahidi wa namna walivyokuwa wanafanya kazi, kwa hiyo msizitupe.

Na nyie mnaoendelea na marejesho: deni halijafutika kwa sababu mlango umefungwa. Hela ya kila wiki iwekeni pembeni, kwenye akaunti au kibubu, mpaka ajitokeze mwenye haki ya kudai akiwa na nyaraka. Akija kijana amevaa reflekta akasema ametumwa kukamata chombo, muulize amri ya mahakama iko wapi. Dalali wa mahakama anakuja na karatasi na hana shida ukimwita mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Wiki iliyopita Nkuhungu wawili walijaribu, walipoambiwa tuongozane kituoni wakakumbuka wana safari nyingine.

Namba zinazowapigia zipelekeni 15040, ile ya kuripoti matapeli. Aliyekwisha kutuma hela awapigie mtandao wake wa simu saa hiyohiyo, maana ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi, kisha akachukue RB (namba ya taarifa yake) polisi. Na meseji ya muamala usiifute hata kama inakutia uchungu kuiona. Ina muda, kiasi na jina la aliyepokea, na askari anayeandika maelezo yako ataanza kwa kuiomba hiyo.