Pedi ya Gemu za Kunyemelea: Usikubali Kupimiwa kwa Mpira

Ujumbe mwingi ninaopata siku hizi kutoka kwa wachezaji wa gemu za ujasusi hauulizi gemu gani ni kali. Ni vilio vya pedi, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia hivi: “Dada, nimejibanza nyuma ya kreti, sijagusa kitu, halafu jamaa yangu anatoka mwenyewe kwenda kusalimia walinzi.” Pedi yenyewe ilikuwa bado inanukia boksi. Mwingine wa Nakuru anacheza Hitman, na kila akitaka kulenga shabaha kwa bunduki ya mbali, darubini inateleza kwenda kulia polepole kama inavutwa na uzi.

Wote wawili walirudi dukani. Wote wawili walichomekewa EA FC, lile gemu la mpira, kijana wa duka akacheza dakika chache, akafunga goli, akasema pedi iko sawa. Hapo ndipo shida yote ilipo, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Sitazungumzia rangi, taa, wala kama pedi inatetemeka vizuri. Hayo utayaona mwenyewe kwenye boksi.

Mpira hauonyeshi ugonjwa wa pedi. Anayecheza mpira hubana analogi, kile kijiti cha kidole gumba, hadi ukingoni muda wote: mbio, mbio, krosi, shuti. Anatumia mwisho wa analogi tu, na mwisho huo hata kwenye pedi mbovu bado unafanya kazi. Mtu wa kunyemelea anaishi katikati. Tangu gemu la kwanza la Splinter Cell la mwaka 2002, Sam Fisher, jasusi unayemwongoza, anatembea kulingana na unavyoinamisha analogi: ukiigusa kidogo anaenda polepole na hasikiki, ukiisukuma anakanyaga kwa kishindo. Chaos Theory ya 2005, ya mfululizo huohuo, ikaongeza kipimo cha kelele kwenye skrini, unaona kabisa sauti ya nyayo zako ikilinganishwa na sauti ya mazingira. Kwenye Metal Gear Solid V ya 2015 ni hivyo hivyo, ukitaka kumfikia mlinzi kwa nyuma unainama na kusukuma analogi kwa kidole chepesi. Sasa pedi ikiwa na drifti, yaani analogi inatuma ishara hata usipoigusa, umekwisha.

Halafu kuna dawa inayotolewa na kila mtu: ongeza eneo mfu. Hilo ni lile duara dogo la katikati ambalo gemu linaambiwa lipuuze. Ukiwa na drifti unalipanua kwenye mipangilio, mhusika anatulia, unashukuru Mungu. Lakini umejikata mguu. Ule mwendo wa polepole kabisa, ule wa kunyata, unaishi humo humo kwenye duara ulilozima. Ukisukuma analogi kidogo hakuna kitu, ukiongeza kidogo tena jamaa anaanza kutembea wazi wazi. Nimeona watu wakisema gemu limekuwa gumu kupita kiasi, kumbe ni eneo mfu limemeza nusu ya mwendo wao. Kwa hiyo nikipanga pedi hapa chini, swali langu ni moja: katikati ya analogi patakaa sawa kwa muda gani?

Kwa nini analogi huharibika? Ndani ya nyingi kuna vipingamkondo vinavyobadilika (potentiometa), viwili kwa kila analogi, kimoja cha kushoto-kulia na kingine cha juu-chini. Ulimi mdogo wa chuma unasugua juu ya utepe wa kaboni kila unaposogeza kidole. Unasugua, unasugua, utepe unalika, vumbi linaingia, na namba ya katikati inahama. Angalia pedi iliyotumika sana pale shingo ya analogi inapogusana na pete ya plastiki: utaona unga mweupe umejikusanya pembeni. Huo ni plastiki iliyosagika. Ukiuona unga huo kwenye pedi uliyoambiwa ni mpya, funga pochi.

Aina nyingine ni ya sumaku, inayoitwa Hall kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua jambo hilo mwaka 1879. Sumaku inasogea na analogi, kihisi kinasoma nguvu yake, hakuna kinachosuguana. Teknolojia hii si ngeni, Sega waliitumia kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998. Haimaanishi kwamba pedi haitaharibika milele, kwa sababu springi inayorudisha analogi katikati nayo huchoka, lakini ule ulaji wa kaboni haupo. Kinachoniudhi ni kwamba kampuni kubwa zinazouza pedi ghali bado zinaweka kaboni, na kampuni ndogo za Uchina zinaweka sumaku kwa bei ya chini.

Jinsi ya kupima dukani, kabla hujatoa simu kulipa: kuna tovuti za kupimia pedi, unafungua kwenye kompyuta ya duka, au kwenye simu yako ukiwa na waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Chomeka pedi, iweke mezani, ondoa mikono. Namba za analogi zikae karibu kabisa na sifuri na zitulie. Kisha sukuma analogi hadi ukingoni upande mmoja, iachie ghafla, soma namba. Rudia pande zote. Pedi nyingi mbovu hurudi vizuri kutoka kushoto na kukwama kidogo zikitoka juu, kwa hiyo usipime upande mmoja ukaridhika. Mwisho, inamisha analogi pole pole sana uone kama namba zinapanda kwa utaratibu au zinaruka. Zikiruka, hata kama katikati pako sawa, hutaweza kunyata nayo.

Ya kwanza: GameSir G7 SE

Sifichi, mimi ni mtu wa GameSir. Hii ni ya waya, inafanya kazi na Xbox One, Xbox Series na kompyuta, analogi zake na vifyatulio vyake (vile vitufe vya kidole cha shahada) ni vya sumaku. Mtu atasema waya ni ushamba. Sawa. Waya wenyewe ni wa mita 3 na unachomoka, kwa hiyo ukikatika unanunua mwingine, hutupi pedi. Haina betri ya kuzeeka. Hapa Kisumu stima ikipotea jioni, laptopu inaendelea na betri yake na pedi inaendelea nayo, bila kutafuta chaja nyingine gizani.

Kuna jambo la pili linalonifanya niiweke juu: ina tundu la ifoni za masikioni la milimita 3.5. Kwenye gemu hizi masikio yanafanya nusu ya kazi. Unasikia nyayo za mlinzi kabla hujamwona, na ukitumia ifoni za bluetooth sauti hufika ikiwa imechelewa kidogo, kiasi cha kukufanya utoke kwenye kona mapema. Programu yao ya Nexus inakuruhusu kupanga eneo mfu kwenye pedi yenyewe. Liweke dogo kabisa. Na ina vitufe viwili nyuma, unaweza kuweka kuinama upande mmoja usiondoe kidole gumba kwenye analogi.

Haifanyi kazi na PlayStation. Nimeandika sentensi hii peke yake kwa sababu kuna muuzaji atakayekuambia inafanya.

Ya pili: 8BitDo Ultimate 2C

Kama waya huutaki kabisa. Ina analogi za sumaku, kidude chake cha kuchomeka kwenye kompyuta, na ilitoka kwa takriban dola 30, ambayo kwa pedi ya sumaku ni bei ya heshima. Inafaa kompyuta na Android. Haina tundu la ifoni, na hiyo pekee ndiyo iliyoishusha. Tahadhari moja: kuna ile yenye kidude na kuna ya bluetooth iliyotengenezewa konsoli ya Switch, boksi zinafanana, na duka moja la Oginga Odinga Street lilikuwa limezipanga pamoja kwenye rafu moja bila hata kujua ziko mbili. Soma boksi mwenyewe.

Ya tatu: DualSense

Kama una PS5 huna pengi pa kukimbilia, ndiyo pedi yako. Mkononi ni tamu, vifyatulio vyake vinakaza kulingana na unachofanya, maikrofoni ipo, tundu la ifoni lipo. Ndani ni kaboni. Kwa hiyo nunua ukijua kwamba siku ya drifti itafika, na kwa mtu wa kunyemelea itafika mapema kuliko kwa mtu wa mpira, si kwa sababu unaitumia zaidi bali kwa sababu utaigundua ikiwa bado changa. Sony wenyewe mwaka 2023 walitoa DualSense Edge ambayo moduli ya analogi inachomolewa na kubadilishwa. Wangeiweka kwenye pedi ya kawaida tusingekuwa na mazungumzo haya. Kwa bei ya Edge mimi nanunua konsoli ya mtumba.

Wa PS4 msidanganyike kununua DualSense mkidhani itachomekwa tu. PS4 haiitambui hivi hivi.

Ya nne: pedi ya Xbox yenyewe

Imara, inatumia betri za AA ambazo utazipata kwenye duka lolote la mtaa, na kwenye kompyuta inatambuliwa bila maswali. Lakini kaboni tena, kwa bei inayozidi G7 SE yenye sumaku. Sioni sababu, isipokuwa umezawadiwa.

Mwisho: zile za bei ya chini

Zile za USB za rangi rangi, na nakala za DualShock 4, pedi ya PS4, za elfu moja na kitu: za mpira na watoto. Kwa kunyemelea, hapana.

Hizo DualShock 4 nataka nizisemee kidogo, kwa sababu ndizo zinazozagaa kutoka Kondele hadi Nakuru. Nyingi zinazoitwa “ex-UK”, yaani mtumba wa Uingereza, zimepita kwanza kwenye vibanda vya gemu ambako vijana wamezicheza kuanzia asubuhi mpaka usiku, zikavishwa ganda jipya na raba mpya za analogi, zikafungwa kwa nailoni inayong'aa. Raba mpya juu, kaboni iliyolika chini. Ndiyo maana nasema pima namba, usipime macho.

Na sasa wauzaji. Mimi nikiingia dukani swali la kwanza ni “Ni ya kijana wako, madam?” Nikisema ni yangu, naonyeshwa ya waridi. Nikiomba kuipima kwenye kompyuta naambiwa sili ikikatwa nimenunua. Nikiuliza gharantii nafunuliwa kitabu cha risiti ambacho chini kimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Sasa wacha niseme hili kwa sauti: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012. Maandishi madogo kwenye risiti hayaifuti Katiba. Sisemi umpeleke mtu kortini kwa pedi, ila ukimtajia kifungu kwa upole, wateja wengine wakiwa wamesimama pale kwenye kaunta, boksi hufunguliwa haraka sana. Omba pia aandike kwenye risiti aina kamili ya pedi na siku za kurudisha. Akikataa kuandika, amekujibu.

Kwa wenye DualSense au DualShock halisi ambayo tayari inadrifti, msikimbilie kununua. Dawa ya kupuliza humaliza vumbi, haioteshi kaboni, kwa hiyo ikirudi baada ya wiki chache usimlaumu fundi. Kubadilisha analogi kunawezekana, na unaweza kuwekewa za sumaku, lakini moduli moja imeshikwa kwa pini 14 zilizolehemewa na lehemu ya kila moja lazima iyeyushwe bila kuchoma bodi. Mtafute fundi anayetengeneza bodi za simu, siyo anayebadilisha vioo tu. Na muulize kama anajua kuikalibrisha, yaani kuifundisha katikati yake ni wapi, baada ya kuiweka, kwa sababu analogi mpya isiyokalibrishwa itakaa pembeni ya katikati kama ile ya zamani. Akishangaa swali, chukua pedi yako uondoke.

Mtaniuliza kwa nini sijaandika bei za shilingi. Nilijaribu. Pedi ileile, wiki ileile, duka moja lilinitajia elfu saba, la jengo la pili elfu kumi, na wa mtandaoni akaniambia “bei njoo inbox”, nilipokwenda akaniuliza niko mtaa gani kwanza. Mtaa unaingiaje kwenye bei ya pedi? Nilipotaja Milimani, mtaa wa wenye pesa, ikapanda. Kama unajua duka lolote hapa Kisumu linalobandika bei kwenye kioo na kukubali kupima kabla ya kulipa, niandikie, nitalitangaza bure.