Uchambuzi: HMS Zubian, destroya moja iliyotoka kwenye meli mbili mbovu

Haya wadau karibuni, leo hakuna simu wala spika, leo tunachambua chuma cha Waingereza, destroya, yaani manowari ndogo ya mbio, ya vita kuu ya kwanza inaitwa HMS Zubian. Najua kuna watu kila wiki mnaniandikia mnataka Pegasus, ile iliyochapwa na manowari ya Wajerumani Königsberg pale bandarini Zanzibar Septemba 1914, tulieni, ile ni kruza, manowari kubwa kuliko destroya, na inataka video yake peke yake. Leo ni hii, na kabla hujaanza kunikosoa jina huko chini kwenye komenti, jina liko sawa kabisa: mbele ni meli iliyoitwa Zulu, nyuma ni meli iliyoitwa Nubian, wakaunganisha na jina humohumo.

Tuanze na mzigo ulivyokuwa bado mpya. Mkubwa wa jeshi la maji la Uingereza kipindi kile, Admirali Fisher, alikuwa na ugonjwa wa spidi, akataka destroya za kukimbia noti 33, hiyo ni kama kilomita 61 kwa saa juu ya maji, zitumie taabini (injini ya mapanga yanayozungushwa na mvuke), zichome mafuta badala ya makaa ya mawe. Zikajengwa 12, zikapewa majina ya makabila na watu wa sehemu mbalimbali, na hapa ndipo penye kasheshe yenyewe: kila kiwanda kiliambiwa tunataka hiki na hiki, halafu kikaachiwa kichore chenyewe. Kwahiyo zinaitwa aina moja lakini ukiziweka pamoja utadhani ni ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, kuna moja inaitwa Viking ilikuwa na dohani sita, sita jamani, nyingine zina tatu au nne. Zulu ilijengwa na Hawthorn Leslie kule mto Tyne, Nubian na Thornycroft kule Southampton, zote zikashushwa majini 1909, urefu kama mita 85, mizinga miwili ya inchi 4 na mirija miwili ya topido.

Mbio zilikuwepo, hapo siwezi kuzisema vibaya, mwenzao Tartar kwenye majaribio ilipita noti 35. Ila mafuta! Tangi linabeba kama tani 185 tu na ulaji wake ni wa aibu, kuna kisa cha wenzao wengine wawili, Afridi na Amazon, kila moja ilichoma tani 9 na nusu kwa safari ya kwenda kituo cha mafuta na kurudi, maili tatu tu. Maili tatu! Kwa mimi hii ni bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya kutamba kwenye karatasi, vita ilipokuja haikuwa na ubavu wa kwenda mbali, ndio maana zikaishia Dover kulinda ule mlango mwembamba kati ya Uingereza na Ufaransa.

Na Dover ndiko zilikoumia. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 1916 destroya za Wajerumani ziliingia pale, zikazamisha vile vyombo vidogo vilivyokuwa vinalinda nyavu za kuzuia nyambizi, zikazamisha na destroya nyingine inaitwa Flirt na meli moja ya kusafirishia askari, The Queen. Nubian ikawakimbilia peke yake, ikala topido, omo, yaani sehemu ya mbele, ikaondoka. Inavutwa kurudishwa, bahari imechafuka, kamba ikakatika, ikatupwa pwani karibu na South Foreland. Mwezi uliofuata Zulu nayo ikakanyaga bomu la majini, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikakatika, kilichobaki kikavutwa hadi Calais. Kwahiyo una meli moja haina mbele, nyingine haina nyuma, na zote ni za aina moja, sasa hapo hata fundi wa gereji ya uswahilini angekwambia bosi lete zote mbili, tunakata hii tunaunga hii, kesho kutwa unaondoka na gari.

Ndicho walichofanya kule kiwanda cha jeshi cha Chatham. Tatizo ni lile nililosema, michoro haifanani: upana ulipishana inchi 3 na nusu, karibu sentimita 9, ukigawa kwa mbavu mbili ni kama sentimita 4 na nusu kila upande. Chukua rula uiangalie hiyo, halafu fikiria mabati ya chuma yanatakiwa yakutane yashikane yasivuje, na bado nyuma kuna propela zinasukuma kwa nguvu zote na mbele kuna mawimbi ya mlango wa Dover yanapiga. Wakaifunga, na Juni 1917 ikarudi kazini kwa jina jipya. Mimi hapa nawapa maksi zote mafundi, kuliko hata waliobuni meli zenyewe, maana wakati ule destroya ilikuwa inatafutwa kwa tochi na wao wameokoa moja kutoka kwenye mbili za kutupa.

Kazi ilifanya. Tarehe 4 Februari 1918 ilishambulia nyambizi, na Waingereza wakaiandikia kwamba imezamisha UC 50 ya Wajerumani. Utaikuta hiyo sehemu nyingi imeandikwa bila wasiwasi, ila waliokuja kupekua rekodi za pande zote mbili baadaye wanaitilia shaka, wanaona UC 50 ilipotea kwingine kabla ya siku hiyo. Kwahiyo mimi siihesabu kwenye alama, doria inatosha.

Watu watauliza inaonekana wapi leo, haipo, vita ilipoisha haikumaliza hata 1919 ikauzwa kwa chuma chakavu. Majina yakarudi kwenye destroya mpya za miaka ya 30. Zulu mpya ilizamishwa Septemba 1942 baada ya shambulio la Tobruk. Nubian mpya, Mei 1941 karibu na Krete, ikapigwa bomu na ndege za Wajerumani, safari hii ikakatika nyuma, ikajikokota yenyewe mpaka Alexandria na ikaenda kutengenezwa Bombay.